Zamu ya Kumwitikia Namba Sita

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle kazini. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ya mdomo wake wa kukosoa, na kwa sababu ndiye aliyejua nani kala na nani hajala. Kwa miaka kumi na tisa alifua mashuka ya hospitali katika chumba cha chini kabisa, ngazi kumi na nne kutoka usawa wa barabara. Humo mlikuwa na mahodhi sita ya saruji, mashine moja ya kukamulia iliyokuwa ikirukaruka kama imepagawa, na mvuke. Mvuke, jamani! Usidhani ni ule wa birika la chai. Ukinyoosha mkono, vidole vyako mwenyewe huvioni. Wanawake wale walijuana kwa sauti, kwa kikohozi na kwa mshindo wa nguo, na sura zao waliziona vizuri saa ya kwenda nyumbani tu.

Mnyapara wao hakupenda kulowa. Kila asubuhi saa moja alisimama ngazi ya juu kabisa, daftari kifuani, akaita namba. Majina yalimchosha, alisema. "Moja!" "Nipo." "Mbili!" "Nipo." Akifika sita anafunga daftari, huyoo, anakwenda kunywa chai, na humwoni tena mpaka kesho. Shangazi alikuwa namba moja.

Namba sita alikuwa Twiga. Walimwita hivyo kwa urefu wake, maana yeye peke yake aliweza kufungua bomba la juu ya hodhi bila kupanda ndoo, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nikwambie mapema tusizungushane: Twiga alikuwa amekufa. Alianguka nyumbani kwao Jumapili moja, akazikwa Jumatatu, na cheti cha kifo hakuna aliyekwenda kukifuatilia. Hiyo ni miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia.

Sasa utauliza, je, mnyapara hakujua? Hakujua, na sababu ni desturi yao. Kazi ile haikuwa na likizo ya uzazi wala ya nini. Mmoja wao akijifungua, wenzake walimfulia rundo lake kwa siku arobaini na kumwitikia namba yake kwa zamu, ili fungu lake la mshahara lisikatwe. Walifanya hivyo kwa kila mtoto aliyezaliwa na wanawake wale, na mnyapara hakushtuka hata siku moja. Twiga alipokufa, akamwacha mama yake mzee peke yake kwenye chumba cha kupanga, wakasema basi, na huyu tumpe arobaini yake. Arobaini ikaisha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kupanda ngazi kwenda kusema. Wakaongeza mwezi, wakaongeza mwingine, na kila Jumamosi Shangazi alimpelekea yule mama fungu la binti yake kama lilivyo, senti haijapungua. Hapo simlaumu mtu.

Mshahara wenyewe ulikuja kwa pamoja, kila wiki, kwenye simu ya Shangazi. Zabuni ya kufulia hospitali ilipoanza, yeye ndiye pekee aliyekuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na tajiri wa zabuni hakutaka usumbufu wa kulipa watu sita. Pesa ziliingia, Shangazi akazitoa, akazigawa mafungu sita juu ya meza ya kukunjia mashuka. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba serikali nayo inatazama.

Shangazi alikuwa na mjukuu. Mtoto wa kike wa miaka sita, mama yake alikwenda kutafuta maisha na hayo maisha hajayapata mpaka leo. Mtoto alizaliwa na tundu kwenye moyo. Kucha zake zilikuwa za buluu, na alilala amekaa, ameegemea mto ukutani, kwa sababu akilazwa chali pumzi zinakata. Shangazi alimpenda mtoto yule mpaka akajichukia, maana kila usiku alihesabu pumzi zake badala ya kulala. Daktari alishasema: apasuliwe kabla ya mwaka kwisha, tena afadhali mapema. Wakampa nafasi ya Jumatano. Gharama zake ungeuza nyumba na majirani ukawauza juu yake. Lakini ilikuwapo kadi ya serikali, kadi ya matibabu bure kwa wenye kipato cha chini, na Shangazi alijua kama yupo mtu duniani mwenye kipato cha chini, ni yeye.

Alikwenda ofisi ya kadi akiwa na furaha zake. Karani, kijana nadhifu mwenye miwani, akabofya, akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama Shangazi kuanzia kilemba mpaka ndala.

"Mama, hapa unaingiza laki nne na elfu hamsini na sita kwa mwezi."

"Nani? Mimi?"

"Laini ni yako, jina ni lako. Mwisho wa kadi hii ni elfu themanini kwa kichwa. Mama, unanizidi mshahara, halafu unakuja kuniomba mimi!"

Shangazi alicheka kwanza. Alipoona karani hacheki, akaeleza habari ya mahodhi, ya zabuni, ya mafungu. Karani hakuwa mtu mbaya. Akasema utaratibu upo: waje wote wanaogawana, kila mtu aweke kidole, na pesa itagawanywa kwa idadi ya vichwa. Yeye karani ataletewa orodha ya mnyapara kwa simu kila siku. "Lakini vichwa vikipungua hata kimoja, hata siku moja," akasema, "mgawanyo unabadilika na kadi zote zinafungwa. Msije mkasema sikuwaambia."

Kesho yake, Ijumaa, saa ya mapumziko, Shangazi aliwaketisha wenzake kwenye matenga ya nguo chafu. Walikuwa watano, yeye akiwamo. Namba tatu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzimia, ndiye aliyefanya hesabu kwa mkaa ukutani. Ukigawa kwa watano, kila mtu elfu tisini na moja na ushee. Kadi hakuna. Ukigawa kwa sita, elfu sabini na sita. Kadi ipo, tena kwa wote.

"Kwa hiyo Twiga lazima awepo," Redio akasema. "Ndugu yangu mmoja ni mrefu vilevile. Tutamtia sauti ya mafua, basi. Hiyo kazi ndogo."

Wakacheka. Shangazi naye akacheka, akajipangusa jasho, akauliza jambo la kawaida kabisa, la kupanga kazi tu. "Na wiki hii zamu ya kumwitikia ni ya nani? Maana Jumatatu hatutakuwepo asubuhi, tuombe ruhusa tukishaitwa namba."

"Si yako?" Redio akamwuliza.

"Yangu iliisha mvua zilipokatika."

"Basi ni ya namba nne."

Namba nne akatikisa kichwa. Alidhani ni ya namba tano. Namba tano alidhani ni ya namba mbili, naye namba mbili akaapa kwamba tangu mwanawe aumwe surua hajaitika namba ya mtu ila yake. Wakatazamana. Mvua ilikuwa imekatika miezi mitatu nyuma, na asubuhi ile ile, wote watano walisikia mnyapara anaita sita, na wote walisikia "Nipo."

"Na rundo lake?" namba mbili akauliza kwa sauti ya chini. "Nani analifua?"

Kila mmoja alikuwa amedhani ni mwenzake. Hodhi la sita lilikuwa kule mwisho, penye mvuke mzito zaidi, na hakuna aliyegeuka kulitazama. Redio, ambaye hakunyamaza hata kwenye mazishi ya mumewe, alinyamaza. Kisha wakarudi kufua. Wangefanya nini? Mashuka ya chumba cha upasuaji hayangoji mtu amalize kuogopa.

Jumatatu wakaitwa namba. Mnyapara alipofika sita, Shangazi alifumba macho. Sauti ikaja, ya mkwaruzo, kutoka mwisho wa chumba. Wakapanda ngazi mbiombio, wakaomba ruhusa, wakaenda ofisi ya kadi, na ndugu yake Redio akawakuta mlangoni amevaa viatu vya kisigino.

Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyewaharibia. Aliwaambia watayarishe vidole, mashine ya humo ndani haina mchezo, inalinganisha na alama ulizotoa ulipochukua kitambulisho, na juzi tu imemkamata mtu na pingu amevaa. Ndugu yake Redio alisikiliza mpaka hapo kwenye pingu. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaondoka bila kuaga.

Shangazi alikaa kwenye benchi, akashika tama. Akaona hakuna njia. Atasema kweli, atalia, atapiga magoti ikibidi, huenda karani akamwonea huruma mtoto wa miaka sita. Akajikaza kisabuni, akaingia na wenzake wanne. Wakaweka vidole mmoja mmoja, mashine ikalia kila mara, karani akawapiga picha na kuandika.

"Mwanangu," Shangazi akaanza, "huyu wa sita, naomba nikueleze..."

"Wa sita mmemwacha nyuma wenyewe," karani akasema bila kuinua macho. "Amekuja mapema, ndiyo kwanza ninafungua mlango. Nimemhudumia mimi mwenyewe."

Wenzake wanne wakageuka kutazama mlango.

"Ila mwambieni siku nyingine ajifute kabla ya kuja ofisini. Amenilowanishia kiti chote. Na kidole chake kimekunjamana kama cha mtu aliyelala majini, nimemfutisha mara tatu ndipo mashine ikakubali."

Kiti chenyewe kilikuwa pale mbele ya meza. Shangazi alikuwa ameshika mgongo wake wakati wote ule. Alipoondoa mkono, kiganja kilikuwa kimelowa, na kilinuka dawa ya kung'arishia mashuka. Ukitaka kujua kwa nini hakupiga kelele, mimi nitakwambia: alikuwa anawaza Jumatano. Alifungua mdomo kusema mtu huyo amekufa, akaufunga. Karani akatoa kadi sita kutoka kwenye mashine, zingali na joto, akampa yeye zote kwa kuwa ndiye mwenye laini.

Njiani wenzake waliziangalia kadi zao, kila mmoja na picha yake iliyopigwa siku ile. Ya Twiga hakuna aliyetaka kuigusa. "Itupe," namba mbili alisema. "Ichome." Redio akasema mali ya mtu haichomwi, ipelekwe kwao. Shangazi akaitia kifuani, akaenda.

Mama yake Twiga alikaa kwenye chumba cha nyuma ya kiwanda cha mbao, unga wa mbao umejaa mpaka kwenye kizingiti cha mlango. Alimkaribisha Shangazi kwa furaha, akapangusa kigoda, akauliza hali ya mjukuu. Shangazi hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akatoa kadi na kumwekea kiganjani.

Mzee aliisogeza dirishani. Aliitazama muda mrefu. Picha ilimwonyesha Twiga amekaa kwenye kile kiti, nywele zimegandamana na maji, macho wazi. Alikufa ana miaka thelathini na tatu, kichwa cheusi tititi. Kwenye picha nywele za mbele zilikuwa nyeupe na mashavu yamebonyea.

"Hii imepigwa lini?"

"Leo, mama."

Shangazi alitegemea kilio. Mzee hakulia. Alipitisha kidole gumba juu ya ile picha taratibu, kwenye paji la uso, vile mtu anavyomfuta mtoto jasho.

"Amekonda mwanangu," akasema. "Amezeeka."

"Mama..."

"Nilimwosha kwa mikono yangu hii. Nikamlaza, nikamwambia, basi sasa, umefua vya kutosha, pumzika. Na kila Jumamosi ukija na lile fungu, nilijua ni ninyi mnanisaidia. Nilikuwa nawaombea. Kumbe ni yeye anafanya kazi?"

"Hatukumwita sisi. Haki ya Mungu hatukumwita."

"Mlimwitikia," mzee akasema. "Kila siku mlisema yupo. Na yeye mtoto mtiifu tangu zamani. Mwacheni alale. Hizo pesa zenu sizitaki tena, nitakula chochote. Nenda kawaambie hayupo."

Hapo Shangazi ndipo alipovunjika. Alilia kama mtoto, kamasi na machozi. Akaeleza yote: tundu kwenye moyo, Jumatano, karani, vichwa sita na vichwa vitano. Akaomba siku tatu. Halafu, kwa kuwa alikuwa mkweli hata pale kweli ilipomuumbua, akasema daktari ametaka na dawa za mwaka mzima baada ya upasuaji, na dawa hizo nazo ni kwa kadi.

"Mwaka mzima," mzee akarudia.

"Ana miaka sita tu, mama."

"Na huyu ni wangu." Akamrudishia kadi. "Mimi siwezi kumwambia mwanangu aendelee. Kama unaweza, mwambie wewe."

Jumanne Shangazi alishuka ngazi kabla ya wenzake. Mvuke ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Alitembea mpaka kwenye hodhi la sita, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu Ijumaa. Maji yalikuwamo, ya vuguvugu, na rundo la mashuka lilikuwa limeshalowekwa.

"Shoga yangu," akasema, "mama yako anataka ulale. Mimi nataka mjukuu wangu apone. Sina haki ya kukuomba, najua. Leo hakuna atakayekuitikia. Ukitaka kunisaidia, itika mwenyewe. Ukinyamaza, basi, nitajua umechoka, na sitakusumbua tena. Naapa kwa uhai wa yule mtoto."

Hakujibiwa. Wenzake wakashuka, akawaambia wote wafunge midomo namba sita ikiitwa, wakakubali kwa vichwa. Redio alimshika mkono, akaubana.

Saa moja mnyapara akasimama juu. "Moja!" "Nipo," Shangazi akasema. Mbili, tatu, nne, tano. Kila mtu akaitika.

"Sita!"

Kimya. Bomba lilidondosha tone moja, likadondosha jingine. Shangazi alisikiliza kwa mwili mzima. Na kule mwisho wa chumba, kwa mara ya kwanza tangu mvua ikatike, alihisi kweli hakuna mtu. Palikuwa patupu kama chumba kilichohamwa. Amelala, akawaza. Kalala, maskini. Na alifurahi kwa ajili yake, nisimsingizie.

"Sita! Hayupo?" Mnyapara alitoa kalamu nyuma ya sikio.

Redio alikuwa anamtazama. Shangazi aliona kucha za buluu. Aliona mto uliosimamishwa ukutani, na kitanda cha wodi ya watoto ghorofa ya tatu, ambako jana jioni walimpokea mtoto kwa kadi na kumvalisha kanzu ya hospitali iliyofuliwa humu humu. Alisikia kalamu inabofywa.

Akafungua mdomo, akaikwaruza sauti yake.

"Nipo," akasema.

Mnyapara akaweka alama, akafunga daftari, akaenda kunywa chai. Redio aliuachia mkono wa Shangazi. Kisha kule mwisho, ndani ya mvuke, mtu akavuta pumzi ndefu ya kuchoka, na maji ya hodhi la sita yakaanza kuchapwa.